Siku Chemchemi Ilipotoka Kijani

Siku yangu ya kwanza kazini nilinyimwa maji ya kunywa. Nilikuwa nimetembea kwa miguu kutoka Ujiji hadi maabara ya maji mjini Kigoma, jua limenichoma, nikaomba bilauri. Mkemia wa Maji, mtu mzima mwenye sauti ndogo, alichota maji ya ziwa kwenye ndoo, akadondosha tone juu ya kioo chembamba, akakiweka chini ya hadubini na kuniambia nitazame kwanza. Maji ya ziwa lile nilikuwa nayanywa tangu utotoni. Nilipoona vitu vinaogelea ndani ya tone moja nilirudi nyuma kwa kasi hadi nikaangusha stuli. Mkemia hakucheka. Alisema, "Sasa umeanza kazi."

Kazi yenyewe, kwa vijana mnaosoma haya, ilikuwa ya subira. Maji hayapimwi kwa macho. Unayapitisha kwenye chujio laini kama karatasi, unalilaza chujio hilo kwenye kisahani chenye chakula cha vijidudu, kisha unakifungia kisahani ndani ya sanduku la joto hadi kesho yake. Kama maji yana kinyesi, hata kidogo kisichoonekana, vijidudu vyake huota vikawa madoa. Maji yakiwa salama, kisahani hubaki kitupu. Nilifanya hivyo miaka mingi, wakuu wakija na kuondoka, na majibu yangu yote yalikuwa yanaishia kwenye makabati ya ofisi.

Kisha ikaja miaka ya wakimbizi. Watu walivuka ziwa kutoka Kongo, wengine waliteremka kutoka Burundi kwa mitumbwi na kwa miguu, wakawa wanangoja ufukweni wachukuliwe kwenda makambini. Miaka hiyohiyo ugonjwa wa kuhara na kutapika uliingia vijiji vya ukingoni. Ofisa Elimu, mama asiyependa maneno mengi, alikuja ofisini kwetu kuomba wataalamu waingie madarasani wafundishe kwa vitendo, maana watoto walikuwa wanakariri sehemu za hadubini bila kuwahi kuiona. Mkuu wangu, Mhandisi wa Maji, alinichagua mimi. Aliniita, akafunga mlango.

"Fundisha, Bi Mwanaidi," alisema. "Lakini majibu ya maji ya watu hayatangazwi na watoto. Hayo yanapitia mezani kwangu."

Nilimwitikia, na nilimaanisha. Mimi nilikuwa naenda kuwaonyesha watoto kwamba sayansi inapendeza.

Nilipanda boti Kibirizi na masanduku yangu, tukapita Gombe, tukapita Mwamgongo, nikateremka kijiji ambacho jina lake nitalihifadhi. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Bukuru, alinipokea mwenyewe. Alikuwa amevaa shati jeusi. Alikuwa amemzika mama yake wiki iliyotangulia, kwa ugonjwa uleule. Hata hivyo alinitembeza shule nzima, na mwisho akanionyesha kwa fahari vyoo vipya, vya matofali, alivyojenga na wazazi mlimani nyuma ya madarasa. Chini ya mteremko ilikuwepo chemchemi ya kijiji, ikitoka kwenye mwamba, safi kama kioo.

Ufukweni, mbali kidogo na nyumba, zilikuwepo familia za wakimbizi chini ya maturubai. Niliwaona wakichota ziwani, nikauliza kwa nini hawachoti kwenye chemchemi. Mwalimu Bukuru alinijibu taratibu kwamba wamekatazwa, kwa kuwa ndio walioleta maradhi. Yeye mwenyewe alikuwa amelisema hilo mbele ya watu, makaburini, siku ya kumzika mama yake. Vijana wa kijiji walikuwa wamekubaliana kwamba mwisho wa wiki, boti ya kuwachukua ije isije, watawatoa pale kwa marungu.

Darasa la sita niliwagawa makundi, nikawatuma wakalete maji: ya chemchemi, ya kijito, ya ziwa mbali na ufuko. Msichana mmoja, Anjelina, aliuliza kama anaweza kuleta na ya wakimbizi. Wenzake walinung'unika. Nikamruhusu. Aliporudi alisema wale watu wanachota ziwani, lakini wanachemsha kwanza, na yeye amepewa kutoka kwenye chungu. Watoto wakachuja wenyewe, wakaandika majina kwenye visahani wenyewe, wakafunga sanduku la joto. Nilifurahi mno siku ile. Nilisikia mtoto mmoja akimwambia mwenzake kwa Kiha kwamba kesho wataona uchafu wa wale wa ufukweni.

Asubuhi nilifungua sanduku mbele yao. Kisahani cha chungu cha wakimbizi kilikuwa kitupu. Cha ziwa kilikuwa na madoa machache. Cha chemchemi kilikuwa kimejaa madoa hadi hapakuwa na nafasi ya kuweka ncha ya kalamu.

Nimefanya kazi hii maisha yangu yote, na bado naikumbuka asubuhi ile. Mwalimu Bukuru, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema visahani vimechanganywa. Anjelina akasimama, kwa adabu, akajibu kwamba aliandika mwenyewe. Tukarudia kuanzia mwanzo. Siku iliyofuata jibu lilikuwa lilelile.

Hapo ndipo nilipokumbuka maneno ya Mhandisi, na hapo ndipo nilipogundua kwamba nimechelewa. Majibu hayakuwa yangu tena. Watoto arobaini na kitu walikuwa wameyaona, na kila mmoja alikuwa na mama nyumbani.

Mtoto mmoja aliuliza uchafu unatoka wapi. Vichwa viligeuka, kimoja baada ya kingine, kuelekea dirishani, kule mlimani kwenye vyoo vipya.

"Haiwezekani," alisema Mwalimu Bukuru. "Kule ni mbali, na hapa katikati ni mwamba."

Nilimweleza kwamba mwamba una nyufa, na kwamba ipo njia ya kujua. Sandukuni nilikuwa na rangi ya kufuatilia maji, unga mwekundu ambao ukigusa maji hugeuka kijani kikali na haudhuru mtu. Ukiumwaga mahali ukatokea pengine, umejua njia ya maji. Nilidhani atakataa. Alinyoosha mkono akauchukua mfuko, akapanda mlima na darasa zima nyuma yake, akaumwaga chooni kwa mkono wake, akafuatisha ndoo baada ya ndoo za maji. Alitaka kuwaonyesha wote kwamba vyoo vyake havina kosa. Akamtuma mtu kwa Mwenyekiti wa kijiji, watu waje kutazama.

Siku hiyo hapakutokea kitu, na watu wakaanza kunicheka. Nilikiri moyoni kwamba nilitamani wawe na haki ya kucheka.

Kesho yake asubuhi nilisikia mwanamke anapiga yowe chini ya mteremko. Nilipofika, watu walikuwa wamesimama na madumu yao bila kusogea. Chemchemi ilikuwa inatoka kijani. Si kijani cha majani, bali kijani kinachong'aa, ambacho hakipo popote katika dunia ya Mungu, na kilikuwa kinatiririka juu ya mawe ambapo wanawake wa kijiji walikuwa wanaosha nyuso za watoto wao. Mzee mmoja alivua kofia. Nilijua kitakachotokea, mimi ndiye niliyekileta, na bado nilisimama kukitazama pamoja nao.

Mwalimu Bukuru alipita katikati ya watu akapiga magoti kwenye mawe. Aliingiza mkono majini, akautoa, akautazama.

"Mama alikunywa hapa," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa namchotea."

Hakuna aliyemgusa. Baadaye alisimama, akawaambia vijana wa marungu waende nyumbani, kisha akateremka peke yake hadi ufukweni. Mimi na Mwenyekiti tulimfuata kwa mbali. Alisimama mbele ya mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anakoka moto, akamwambia kwamba amewasingizia mbele ya kaburi, na kwamba aliyeua ni choo alichojenga yeye. Kuhusu ugonjwa wenyewe, mimi nisingeweza kuapa. Vipimo vyangu vilionyesha kinyesi tu, havikutaja ugonjwa. Lakini haikuwa saa ya kumsahihisha. Yule mama alimsikiliza hadi mwisho. Kisha alisema neno moja la kwao Burundi, ambalo Muha yeyote wa huku kwetu analielewa.

"Mwihangane."

Yaani poleni, vumilieni. Akampa chungu cha maji yaliyochemshwa, apeleke nyumbani.

Vyoo vilifungwa wiki ileile, vikachimbwa vingine mteremkoni, chini zaidi kuliko chemchemi, na wakimbizi walikaa kwa amani hadi boti ilipowachukua. Niliporudi mjini, Mhandisi alikuwa ameshasikia. Hakunigombeza. Aliuliza rangi ilichukua muda gani kutokea, akaandika, kisha akaniambia kwamba Kalinzi, kule milimani, wanahitaji mtumishi wa maji na mimi ndiye nitakayekwenda. Mpaka leo sijui kama aliniadhibu au aliniheshimu. Kalinzi nilikuta habari imenitangulia. Mwalimu wa shule ya kwanza niliyoikaribia alinipokea njiani, katikati ya mibuni, akaniomba nikague vyoo kabla ya kusalimiana.

Nilistaafu nikiwa huko, nikarudi kujenga nyumba Buzebazeba, mjini Kigoma. Walimu vijana bado wananifuata, wanataka niwaletee hadubini na visahani, watoto wafurahi. Huwa nawauliza jambo moja: majibu ya maji yakiwaonyesha wasichokitaka, watafanya nini? Wengi hujibu kwamba wako tayari, hata kabla sijamaliza kuuliza. Mwaka jana alikuja mwalimu mmoja wa kike. Nilipomuuliza aliniomba aende kwanza akazungumze na wazazi wa kijiji, akarudi baada ya mwezi akiwa amekonda kwa mabishano.

Shule yake nilikwenda, na hadubini yangu na magoti yangu haya mabovu, nikapanda mlima hadi juu ilipo.