Pampu Iliyopona Kabla ya Wageni

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwingine hayo ni maneno ya kukaribishia watu. Kijijini kwetu, ukishapita Mkange kuelekea Saadani, huo ndio mpango wa maendeleo.

Nimezaliwa pale, ingawa siku hizi naishi Kerege, na sijaona watu wanaojua kueleza shida zao kama wetu. Mtoto wa darasa la pili anajua neno changamoto. Ukishuka kwenye bodaboda na begi lako, unaamkiwa vizuri, unapokewa mzigo, kisha unaulizwa umekuja na mradi gani. Mimi niliulizwa hivyo na mtu niliyecheza naye kombolela utotoni.

Changamoto yetu kubwa ilikuwa maji. Wafadhili fulani walituchimbia kisima wakakiwekea pampu ya mkono, pampu ikafanya kazi mpaka ikachoka, nasi tukakaa kusubiri walioileta warudi kuitazama. Wakati tunasubiri, tulichota lamboni, kule bondeni wanakokunywa ng'ombe.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, nyumba yake inatazamana na kisima hicho. Magoti yamemkataa. Kushuka lamboni anaweza kwa kujikongoja, lakini kupanda na ndoo ndiyo basi tena. Ikabidi awe mtu wa kuomba kidumu, leo kwa mwanawe, kesho kwa jirani, na mwombaji hachagui saa ya kupewa. Alinipigia simu siku moja, akaniambia adhuhuri imempita amekaa mlangoni anasubiri maji ya kutawadha. Kiu hakuitaja. Kilichomuuma ni kwamba ameishi umri wote ule, halafu mwishoni anasali kwa hisani ya watoto wa watu.

Basi akachoka kusubiri. Nilipokwenda likizo nilimkuta ameshamwita fundi baiskeli kutoka Mkange. Fundi akafungua pampu, akakuta mpira wa ndani umelika, akakata mwingine kwenye tairi bovu, akafunga. Chai tuliyomwandalia ilikuwa bado ya moto maji yalipotoka. Shangazi akachota mwenyewe, akanawa uso, akanawa miguu, akakaa kizingitini akicheka peke yake. Nilifurahi hata nikaona haya.

Alasiri akaja mwenyekiti wa kijiji. Aliyatazama yale maji kama mtu anayetazama nyumba inaungua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu maji."

"Mama, umetuharibia. Wiki ijayo tuna wageni wanakuja kuangalia tatizo la maji. Sasa watakuta nini?"

"Watakuta maji," alisema shangazi.

"Si ndiyo hayo nayosema! Watakuta maji!"

Sitaki kumwonea. Mwenyekiti yule si mwizi wala si mjinga. Alikuwa amesikia wilayani kwamba kuna mradi wa tangi na mabomba mpaka milangoni, na kwa miaka yote ya uongozi wake amejifunza jambo moja: kijiji kinacholia ndicho kinachobembelezwa. Chenye pampu nzima kinaambiwa hongereni, na gari linageuza. Nilimbishia mpaka koo likanikauka, naye akanisikiliza kwa adabu zote, kama anavyosikilizwa mtu wa kuja.

Kamati ya maji ikakaa. Mwana pekee wa shangazi ni mjumbe wa kamati hiyo, kijana mtaratibu mwenye mke na watoto. Wakaamua mpini na ule mpira vitolewe, wageni wakishaondoka virudishwe. Binamu yangu alikuja mwenyewe na spana.

"Ya siku moja tu hii, mama."

Shangazi alimmiminia chai kwanza, ndipo akamwacha afungue.

Siku ya wageni, kijiji kilipendeza kwa uchakavu. Kanga mpya zilibaki masandukuni. Kina mama walijipanga lamboni na ndoo, na kulikuwa na ng'ombe amesimama katikati ya maji ambaye siwezi kuapa kwamba hakuazimwa. Kiongozi wa msafara alikuwa dada mmoja mpole, lafudhi ya bara. Akaona lambo, akaona ng'ombe, akasikitika inavyopasa. Halafu, mbele ya pampu isiyo na mpini, akauliza, "Na wenyewe mmeshajaribu kuitengeneza?"

Watu wote walikuwa wamekunywa maji ya pampu ile juzi.

"Bado, dada," akasema mwenyekiti. "Tulikuwa tunawasubiri ninyi."

Dada yule akamtazama kidogo. Akaeleza, bila ukali, kwamba wao huanza na vijiji ambavyo wananchi wenyewe wameshaanza, hata kwa kitu kidogo. Watapita tena siku nyingine waone tumefikia wapi. Gari likaondoka, vumbi likatubakia.

Mimi nilidhani mpini utarudi jioni ile ile. Badala yake ukaitishwa mkutano wa kijiji. Mwenyekiti akafafanua kwamba wageni wamesema watarudi, hawakusema lini. Wakirudi wakakuta maji yanatoka, watatuona waongo. Kwa hiyo pampu ibaki kama walivyoiacha. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba kwenye hilo la uongo alikuwa na hoja.

Shangazi akainuka taratibu, ameshika bega langu.

"Na mimi nitatawadha kwa maji gani?"

Mzee mmoja wa msikitini, kwa nia njema kabisa, akamwambia, "Bi mkubwa, dini ni nyepesi. Penye shida, tayamamu inafaa. Utapaka vumbi safi, utasali."

"Tayamamu ni ya asiye na maji," alisema shangazi. "Mimi maji ninayo, pale mbele ya mlango wangu. Nyinyi ndio mmeyafunga."

Kuna waliocheka, kisha wakaacha. Mwenyekiti akamshukuru mama kwa mchango wake mzuri, akasema umepokelewa, halafu akaomba wanaokubali pampu ibaki ilivyo wanyooshe mikono.

Mikono ikapanda, mmoja mmoja, kila mtu akitazama wa jirani yake. Nilimtafuta binamu yangu nikamwona kule mbele, kwenye benchi la kamati, mkono juu, macho chini. Mwenyekiti alishamaliza kuhesabu, watu wakaanza kukung'uta kanzu na kusimama, naye bado ameunyoosha, hathubutu kugeuka.

Shangazi akaenda mpaka pale kwa mwendo wake ule wa magoti mabovu.

"Teremsha, mwanangu," akamwambia. "Wameshakuona."