Kiti cha Mama Sindano

Mtaani hawamwiti kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wanamwita Fundi Misumari, kwa sababu tangu aanze kutengeneza makochi, miaka ishirini na sita sasa, hujaza misumari midogo mdomoni na kuitoa mmoja mmoja kadiri anavyogongelea kitambaa. Ukimsalimia akiwa kazini atakujibu kwa nyusi. Ana mikono mipana, viganja vimekakamaa kwa kuvuta turubai, na akishika kitu ameshika. Mtu wa namna hiyo ungedhani haogopi chochote chini ya jua. Basi anaogopa sindano, na wala si kidogo. Akiiona tu, kijasho chembamba kinamtoka.

Aliyemlazimisha kuzoeana nayo ni kitinda mimba wao, dada yao mmoja tu, mwalimu wa darasa la pili. Figo zake zote mbili zilikuwa zimegoma. Mara tatu kwa wiki alilala hospitali saa nne nzima akisafishwa damu kwa mashine, na akirudi nyumbani hakuwa na nguvu hata ya kuvua viatu. Kaka yake ndiye aliyemvua. Siku moja, akiwa amepiga goti na kiatu kimoja mkononi, alisema bila kuinua uso:

"Nitakupa yangu moja."

"Kaka, wewe? Na sindano je?"

"Wakishanilaza usingizi sitaiona."

Masikini, alisahau kwamba kabla ya huo usingizi kuna vipimo, na vipimo havichukuliwi kwa mate.

Ndivyo alivyojuana na Mama Sindano wa maabara, mama mnene wa miwani, mwenye vidole vyepesi na mdomo usiopumzika. Chumba chake kilikuwa na dirisha moja la kupokelea fomu, friji inayonguruma, na kiti cha kutolea damu ambacho kilimuuma fundi kuliko sindano yenyewe. Ngozi ya bandia ilikuwa imepasuka pande zote, sponji limechungulia nje, na mkono wa kiti ulikuwa ubao mwembamba uliofungwa plasta. Kila alipokaa pale, fundi alikichokonoa kile kiti kwa kidole na kusikitika, na kusikitika huko kulimsahaulisha woga kidogo.

Mwezi wa tano wa vipimo, zikabaki chupa mbili tu za damu. Mama Sindano alimfunga mpira juu ya kiwiko, akamwambia, "Kunja ngumi, fungua, kunja tena," halafu mwenzake akamwita dirishani kwa hadithi ya motomoto. Fundi alibaki na mpira wake mkononi. Alitaka mambo yaishe haraka, kwa hiyo akajitolea kusaidia. Alifumba macho akakamua ngumi kwa nguvu zake zote, kama anayekamua tambara lililolowa, na hata Mama aliporudi hakuacha mpaka sindano ilipotoka.

Jumanne muuguzi wa ofisi ya upandikizaji alimpigia simu.

"Mzee, potasiamu yako iko juu sana. Hii inatutia wasiwasi kwamba na figo zako haziko sawa. Jopo la madaktari linakaa Ijumaa, na kwa jibu hili hawawezi kukupitisha."

"Na kikao kinachofuata?"

"Baada ya miezi minne."

Miezi minne! Mishipa ya dada yake iliyokuwa ikiunganishwa na mashine ilikuwa imeshaziba mara mbili, na madaktari walishasema wazi kwamba hawajui watahamia wapi ikiziba mara ya tatu. Fundi aliweka nyundo chini, akatema misumari yote kiganjani, akaenda hospitali bila kubadili shati.

Kwenye dawati la bima alimkuta binti mpole nyuma ya kioo. Vipimo vyote vya fundi vililipiwa na bima ya mwalimu, kwa hiyo alimsihi warudie hicho kimoja.

"Bima hairudii kipimo kilekile kabla ya siku thelathini, baba."

"Basi nitalipa mwenyewe."

"Unaweza, lakini jibu la kwanza litabaki kwenye faili. Jopo litaona majibu mawili yanayopingana, litaahirisha." Binti alimwonea huruma, akasukuma kijitabu chini ya kioo. "Soma ukurasa wa kumi na moja. Taratibu."

Ni kile kijitabu ambacho sisi sote tunapewa siku ya kujiunga na bima, tunakitia chini ya godoro na hatukioni tena mpaka siku ya kuhama nyumba. Fundi alikaa kwenye benchi la korido akakisoma kwa kidole, neno kwa neno, midomo ikicheza. Akaliona: kipimo kinaweza kurudiwa mapema, na jibu la kwanza likafutwa, endapo maabara itathibitisha kwa maandishi kuwa damu haikuchukuliwa ipasavyo.

Alifika kwa Mama Sindano anahema.

"Mama, niandikie damu ilikuwa na kasoro. Hata kama ni uongo, niandikie, nakuomba."

"Uongo siandiki," alijibu Mama Sindano, na kwa mara ya kwanza hakucheka.

Fundi alijibwaga kwenye kile kiti kibovu, akafunika uso kwa mikono. Mama Sindano alimtazama, akaenda kuifungua kompyuta, akaitazama ile namba, akarudi.

"Siku ile ulikaaje? Hebu nionyeshe."

Fundi alinyoosha mkono juu ya ubao, akafumba macho, akakamua. Mishipa ilisimama mpaka shingoni.

"Ulifanya hivyo muda wote?"

"Nilidhani nakusaidia."

Mama alivua miwani. Alimweleza polepole kwamba msuli ukikamuliwa hivyo huku mpira umefungwa, potasiamu hutoka kwenye msuli na kujaa kwenye damu ya mkono ule, na damu hiyo ndiyo iliyoingia kwenye chupa. Mwili wake huenda haukuwa na neno kabisa.

"Mimi ndiye niliyekuambia ukunje ngumi," alisema. "Na nilikuacha na mpira nikaenda kupiga soga. Hilo si la kwako, baba. Ni langu."

Angeweza kulimeza. Nani angejua? Fundi hakujua potasiamu ni mnyama gani, na wakubwa wa Mama walikuwa wameshalitia sahihi lile jibu. Alikuwa na miaka kumi na tisa kazini bila hata onyo moja. Lakini alivuta fomu, akaandika mistari mitatu: mpira ulikaa muda mrefu, mgonjwa aliambiwa akunje ngumi, kosa ni la mchukuaji. Akatia sahihi, akaipeleka mwenyewe kwa mkuu wake. Alirudi macho mekundu. Fundi hakumuuliza aliambiwa nini huko, na mpaka leo hajamuuliza.

Bima ilikubali mchana uleule. Mama alichukua damu upya, safari hii mkono umelala wazi, na kule dirishani waliita mpaka wakachoka. Jumatano jibu lilitoka safi. Ijumaa jopo likampitisha fundi. Wiki tatu baadaye figo yake ya kushoto ilihamia kwa dada yake, ikaanza kazi kabla mwenyewe hajazinduka.

Daktari alimkataza kubeba vitu vizito kwa miezi miwili. Alivumilia yote miwili, akihesabu siku, kisha akatokea maabara na mkokoteni.

"Mama, niazime kiti chako kuanzia leo mpaka Jumatatu."

"Na wagonjwa wangu wakae wapi?"

"Nimewaletea kingine. Wewe niazime tu."

Jumatatu kilirudi na ngozi mpya ya kijani na sponji zito. Ule ubao wa mkono ulikuwa umetoweka. Mahali pake fundi alikuwa ameweka mto mpana, akachonga ndani yake umbo la kiganja kilichofunguka, kila kidole na nafasi yake, hata mwoga wa kupindukia akiweka mkono pale unalala wazi wenyewe. Alikuwa amekijaribu kwa mkono wake mwenyewe asubuhi nzima karakanani.

"Asante, mama," alisema. "Ulijiandikia kosa ili mimi nipate dada. Sina neno jingine."

Mama Sindano alipitisha kiganja juu ya kile kiganja cha sponji, akageukia friji, akajifanya anatafuta kitu.

Wa kwanza kukikalia alikuwa mwalimu, aliyekuja kupimwa kama figo inaendelea vizuri. Aliweka mkono, vidole vikapata vitanda vyao. Kaka yake alisimama ameutazama ukuta, kijasho kikimtoka kwa sindano isiyo yake.

Walirudi nyumbani pamoja. Fundi alifunga mlango, akapiga goti kama alivyozoea, akanyoosha mkono. Viatu vilikuwa tayari kando ya mlango, vimepangwa, na mwenye viatu alikuwa jikoni anamuuliza chai anaitaka na sukari au bila.