Meno Thelathini na Saba

Pikapu ya mama muuza chumvi ilikuwa na ugonjwa mmoja tu: haikupanda mlima. Kwenye tambarare ilikwenda vizuri, hata ikawapita wengine. Lakini ikifika kwenye mwinuko wa kwenda Kisarawe, ikiwa na magunia ya chumvi na matenga ya ng'onda, wale samaki wa kukaushwa, ilianza kukohoa, kisha ikasimama katikati ya njia. Hapo mama alishuka, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, akangoja vijana wa pale waje kusukuma.

Alituletea kwenye karakana yetu ya Gerezani siku ya Jumanne. Fundi wetu mkuu alikuwa Mzaramo na mama alikuwa Mnyamwezi, na makabila hayo ni watani, kwa hiyo walianza kutaniana kabla hata ya kusalimiana.

"Mtani, babu zako walibeba pembe kichwani kutoka Tabora mpaka hapa pwani," fundi alisema. "Wewe magunia manane tu mpaka utafute gari?"

"Na babu zako walikuwa wapi? Si walikuwa kwenye ngoma! Nifungulie hilo boneti, Mzaramo wewe, ngoma utacheza jioni."

Walicheka wote wawili. Kisha mama akakaa juu ya tairi kuukuu na kutueleza shida yake. Pikapu aliachiwa na marehemu mume wake. Shemeji zake walikuwa wamepata mnunuzi, mwenye bucha mmoja wa Kariakoo, na walimwambia mama kwamba gari linalosukumwa na watu si gari, ni mzigo. Walimpa mpaka Jumatatu. Ikipanda mlima na mzigo wake, ibaki kwake. Isipopanda, mwenye bucha aichukue.

"Nikiikosa hiyo ndiyo nimekwisha," alisema. "Nitarudi kupakia chumvi juu ya basi, na basi lenyewe mnalijua, leo lipo kesho halipo."

Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza darasa la saba kule Masasi, na kwa fundi nilikuwa na mwaka wa tatu. Kazi niliifahamu. Kusema ndiko kulikonishinda. Nikiulizwa kitu mbele ya watu, maneno yote yalinikimbia, kwa hiyo nilizoea kuandika kwa chaki sakafuni: ukubwa wa spana, idadi ya boliti, chochote. Wenzangu waliniita bubu, bila ubaya.

Injini tuliifungua siku hiyo hiyo, tukaiona nzima. Fundi akasema basi ugonjwa uko kwenye difu, yaani lile tumbo la chuma lililo katikati ya magurudumu ya nyuma. Ndani yake mna gia mbili: krauni, ambayo ni kubwa kama sahani, na pinioni, ambayo ni ndogo kama ngumi. Pinioni huzungushwa na propela, lile bomba refu linalotoka kwenye giaboksi. Propela ikizunguka mara nyingi ili gurudumu lizunguke mara moja, gari lina nguvu lakini halina mbio. Ikizunguka mara chache, lina mbio lakini mlima linauogopa. Fundi alihisi kwamba mwenye gari wa zamani, aliyependa mbio, alipachika difu ya gari dogo.

Njia ya kupima ni rahisi. Unainua nyuma kwa jeki, unachora alama ya chaki kwenye gurudumu na nyingine kwenye propela, unazungusha gurudumu mara moja, mwingine chini ya gari anahesabu propela imezunguka mara ngapi. Karakana nzima ya mafundi tuliopanga pale tulikuwa na jeki moja, na kila mmoja aliililia. Kwa hiyo tuliinua gurudumu moja tu, la kushoto. La kulia likabaki chini.

Mimi nililala chini ya gari. Fundi akazungusha. Waliokuwa karibu waliacha kazi zao wakaja kuhesabu nami kwa sauti, kama watazamaji wa bao.

"Moja! Mbili! Na kidogo!"

"Mbili na kidogo?" alishangaa jirani yetu, mpaka rangi wa magari. "Mama, hii si pikapu, ni gari la mashindano! Chumvi umeipakia ya nini?"

Niliandika kwa chaki: 2 na kidogo. Fundi alifurahi kwamba ugonjwa umeonekana. Tukaenda kwa mzee mmoja wa Kihindi, mwenye stoo ya vipuri vya magari mabovu upande wa pili wa mtaa. Vipuri vipya miaka ile vilikuwa hadithi tu, kwa hiyo kila mtu alimtegemea yeye. Alituonyesha difu iliyofunguliwa, ya gari la aina ileile. Nilihesabu meno: krauni thelathini na saba, pinioni tisa. Tisa mara nne ni thelathini na sita, inabaki moja. Nne na kidogo.

"Mara mbili ya ile ya kwanza!" fundi alisema. "Hiyo itapanda hata ukuta."

Tukaibeba. Jumatano na Alhamisi asubuhi tulishinda tunafunga. Mama alipokuja mchana na kuiona imekwisha, alipiga kigelegele, akaenda Kariakoo kuagiza magunia yapakiwe.

Mimi nikabaki naiosha difu ya zamani kwenye karai la mafuta ya taa, ili tuweze kuibadilisha na mtu kwa kitu kingine. Mikono ilikuwa inaosha na midomo inahesabu, kwa mazoea tu. Nilipofika mwisho wa krauni nikasimama. Nikafunga uzi kwenye jino moja, nikaanza upya. Thelathini na saba. Nikaitazama pinioni. Tisa.

Tumetoa difu, na tumerudisha ya meno yaleyale.

Nilikaa pale na krauni mapajani, nikifikiri nilivyohesabu. Nikaenda kwenye gari jingine lililokuwa limeinuliwa upande mmoja, nikazungusha gurudumu polepole kwa mkono, na hapo nikaona. Gurudumu moja likiwa limekaa chini, difu hulipatia lile lililo juu mwendo wa magurudumu yote mawili. Mzunguko wake mmoja ni nusu tu ya hesabu. Ilitupasa kuzungusha mara mbili. Ile mbili na kidogo ilikuwa nne na kidogo tangu mwanzo, na aliyekuwa chini ya gari akihesabu ni mimi.

Nilimwandikia fundi sakafuni: 37 kwa 9, na chini yake tena 37 kwa 9. Alikuja akainama, akakunja uso. Siku zile ndiyo kwanza alikuwa ameanza kisomo cha watu wazima, na namba za tarakimu mbili bado zilikuwa zinamsumbua.

"Nini hiki?"

Nikamwonyesha krauni.

"Naona. Nini?"

Mama naye alikuwa amerudi, na nyuma yake vijana wawili wa kupakia. Mpaka rangi akasogea, na wengine wakasogea kwa sababu mpaka rangi amesogea. Fundi akasema, "Mwanangu, mimi macho yangu hayasomi vumbi. Sema kwa mdomo."

Nikasema. Sijui nilisemaje, najua tu kwamba nilianza katikati, nikarudi mwanzo, na kwamba nilisema "ni mimi niliyekosea" mara tatu.

Mama ndiye aliyeanza. "Yaani mmenipasua, mkanitoa moyo, mkaniwekea uleule?"

"Tumeuosha," mpaka rangi akasema.

Mama akacheka mpaka akashika ubavu. Fundi naye, ambaye nilitegemea anipige kofi, akajipiga yeye mwenyewe kichwani. "Watu kumi na mbili tumehesabu! Na mafundi wote! Halafu Mnyamwezi anatucheka." Kicheko kilipokwisha, mama akajifuta macho kwa ncha ya kanga na kusema kwa sauti nyingine, "Haya. Leo Alhamisi. Shemeji zangu hawacheki."

Tulirudi kwa yule mzee, sisi watatu.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

"Marahaba. Kitu kikishafungwa kwenye gari hakirudi," alisema kabla hatujaeleza lolote.

Fundi akaomba, mama akaomba. Mzee akatikisa kichwa. Mama akanigusa bega. "Sema wewe. Si wewe ndiye unayehesabu?"

Nilitazama nyuma yake, ndani ya stoo, zilikorundikana difu mpaka kwenye dari. "Mzee, zile zina meno mangapi?"

"Mimi nitajuaje? Zina meno."

"Basi anayekuja kutaka ya mlima unampa ipi?"

"Nampa iliyo juu."

"Nikikuhesabia zote, na kila moja nikaiandika?"

Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nadhani alikuwa anawafikiria wateja wote waliomrudia na manung'uniko. "Zote?"

"Zote."

"Na ukipata yako humo, utaichukua na kunirudishia ile. Sawa."

Ijumaa nzima nilikuwa stooni. Mzee alikaa kwenye kigoda na kopo la rangi nyeupe. Mimi nilifungua na kuhesabu, nikamtajia kwa sauti, naye akaandika kwa mwandiko mzuri sana. Kila krauni niliifunga pamoja na pinioni yake kwa waya, maana hizo ni kama mke na mume, zimesuguana zikazoeana, na ukimpa mmoja mwenzi mwingine watapiga kelele mpaka wavunjike. Nilimweleza hayo mzee, akasema, "Sawasawa na nyumbani kwangu." Kufikia adhuhuri nilikuwa nimeongea siku ile kuliko mwezi mzima uliopita.

Difu ya kumi na moja ilikuwa chini kabisa, imefunikwa na udongo. Krauni, meno arobaini na moja. Pinioni, nane. Nane mara tano ni arobaini, inabaki moja.

"Mzee, hii."

"Bado tatu," alisema. "Maliza."

Nikamaliza.

Jumamosi tukaifunga. Tukainua gurudumu moja, maana jeki ilikuwa bado ile ile moja, na safari hii fundi akazungusha mara mbili. Kila mtu alihesabu. "Tano! Na kidogo!" Hakuna aliyeshangilia. Mpaka rangi akasema turudie, tukarudia.

Jumapili asubuhi tukaondoka na magunia manane. Mama aliendesha, fundi akakaa pembeni yake, mimi nikakaa nyuma juu ya chumvi na kabari ya mbao mkononi, tayari kuruka na kuzuia gurudumu likianza kurudi. Kwenye tambarare injini ililia sana, na mzee mmoja mwenye baiskeli alitupita akatupungia. Tukavuka Pugu. Mwinuko ukaanza.

Vijana wa kusukuma walikuwa wamekaa pale kwenye kona, kama kawaida. Walipotuona walisimama, wakajipangusa mikono. Pikapu ilifika walipo, ikapunguza mwendo, mama akaingiza gia ya kwanza, nayo ikashika, ikaendelea kupanda polepole kama mtu anayepanda ngazi. Vijana wakaanza kukimbia nyuma yetu, mikono imenyooshwa, wakitafuta pa kusukuma. Mmoja akashika ubao wa nyuma.

Mama akatoa kichwa dirishani. "Usiguse! We kijana, toa mkono! Niacheni nijue!"

Yule kijana akatoa mkono kana kwamba ameungua. Wakabaki wanatembea kando yetu, wakiyatazama magurudumu kama mimi nilivyokuwa nikiyatazama. Hatukusimama hata mara moja. Kule juu mama alizima injini, akashuka, akazunguka gari lote, kisha akafungua gunia na kumgawia kila kijana chumvi yake, kipimo kilekile alichokuwa akiwapa walipokuwa wanasukuma.

Kesho yake mwenye bucha alikuja karakana na shemeji wawili kuichukua pikapu. Fundi alikuwa chini ya gari jingine, akanisukuma kwa mguu niwajibu mimi. Nikawaambia wamechelewa, mama amekwenda Kisarawe tangu alfajiri, na magunia kumi.