Sumaku Inayong'aa

Jumanne nilikuwa kwenye benchi la ofisi ya kiwanda kimoja hapa Kibaha, nikisubiri kibali, kama kawaida yetu. Akaingia mpiga besi wa bendi ya kiwanda, gitaa kalifunga kwenye kanga. Sumaku yake, ile inayonasa mlio wa nyuzi, ilikuwa imekufa. Alileta mbili kuukuu, aruhusiwe kufunga moja.

"Hii nyeusi ndiyo inayonguruma," alisema. "Hiyo inayong'aa inapiga mluzi."

"Gitaa ni mali ya umma, ndugu," alijibu mwenyekiti wa kamati ya kiwanda, aliyeketi mezani na wajumbe wake. "Wajumbe ndio watachagua."

Umeme ulikuwa umekatika, hivyo hakuna aliyesikia chochote. Wajumbe walizipitisha mkono kwa mkono, wakazipima uzito viganjani, kisha wote wakanyoosha mikono kuichagua inayong'aa. Mpiga besi akalifunga tena gitaa kwenye kanga, taratibu.

Jumamosi dansini besi ilipiga mluzi mpaka watu wakaziba masikio. Mwenyekiti akasogea jukwaani. "Ndugu, hebu ibadilishe hiyo."

"Siwezi, mwenyekiti," alijibu bila kuacha kupiga. "Mpaka kikao kikae."

 Kibali changu nacho kinasubiri kikao hicho hicho.