Funda la Mwisho

Katika chumba cha kufulia cha hospitali, Mama Pasi hakuwa mtu wa kugusa sabuni. Kufua kulikuwa kwa wengine. Yeye kazi yake ilikuwa kunyoosha tu, na ndiko alikopatia jina. Miaka nenda miaka rudi alisimama mbele ya mashine pana ya mvuke, analisha shuka mbichi upande huu, zinatoka upande wa pili zimenyooka na bado za moto. Shuka za wazazi zilikuwa na mstari wa bluu pembeni, za watoto mstari wa njano, na za wodi ya wagonjwa wa akili mstari wa kijani. Hizo za kijani alizikunja mwenyewe, na ole wako umsogelee kumsaidia. Wenzake walishajua sababu, wakamwachia.

Sababu ilikuwa kitindamimba wake. Mtaani walimwita Spika, na jina hilo lilimkaa tangu mdogo kwa kuwa mdomo wake ulikuwa haupoi. Nani kapika nini, nani kanuniana na nani, nani kapita na viatu vipya, vyote vilitangazwa na Spika kutoka kizingitini, bure na bila kuombwa. Mama yake alikuwa akicheka mpaka anajishika mbavu, akimtishia kumpeleka redioni wakamlipe mshahara.

Kisha, wakati vijana wa rika lake wanahangaika kutafuta kazi, Spika akaanza kupungua maneno. Kwanza wakadhani kapata mchumba, maana mapenzi nayo humnyamazisha mtu. Kumbe wapi. Akawa anakaa chumbani mchana kutwa, dirisha amelifunika gazeti, anajibizana na watu wasioonekana. Siku moja akamwaga ndoo zote za maji ya kunywa, akisema yametiwa sumu. Hapo ndipo walimwengu walipopata la kusema. Huyu anasema bangi, yule anasema karogwa, na mawifi wa Mama Pasi, ambao hata kaka yao alipofariki walikuja kula na kuondoka, wakasema ugonjwa huo umetoka upande wa mama. Mama Pasi akajikaza kisabuni. Hospitali walimwambia jina la ugonjwa, skizofrenia, akalirudia njiani mpaka likakaa sawa ulimini, na tangu hapo aliyethubutu kusema "kichaa" mbele yake alirekebishwa hapo hapo na kwa sauti.

Dawa zilikuwepo. Kazi ilikuwa kuzimeza. Spika alivitazama vile vidonge kama mtu aliyewekewa mtego, na wala hakukosea kuogopa, maana sauti zake zilimwambia hivyo kutwa kucha. Mama alibembeleza, akafoka, akalia, asipate kitu. Mwishowe wakakubaliana masharti, na masharti yenyewe aliyatoa Spika. Chai moja, kikombe kimoja. Mama aanze kunywa. Kisha yeye ameze dawa kwa chai hiyo hiyo, afike katikati, amrudishie mama, na mama amalize mpaka tone la chini. Kwa nini mpaka chini? Kwa sababu sumu, alisema Spika, hutuama. Funda la mwisho ndilo linalosema kweli.

Basi wakawa wanakunywa hivyo, asubuhi na jioni, miaka. Mama Pasi alizoea chai iliyopoa nusu na makombo ya mdomo wa mwanawe, na hakuiona kuwa shida. Dada yake Spika alijaribu mara moja mama alipochelewa kazini, ndugu yake akamwangalia kama mgeni aliyekosea nyumba. Ilikuwa lazima mkono wa mama. Na taratibu, jamani, yule kijana akarudi. Gazeti likatoka dirishani. Akapata kazi ya kufagia na kuziba pancha katika karakana ya baiskeli, akaanza tena kuwatania wateja, mara moja moja, kama mtu anayejaribu kiatu cha zamani kuona kama bado kinamtosha. Mama Pasi alikuwa akimsikiliza kwa mbali na kumshukuru Mungu kimyakimya, asije akaliharibu jambo kwa kulisema.

Sasa, kule kazini kulikuwa na redio ndogo inayoning'inia kwenye msumari. Asubuhi moja akaletwa daktari kuzungumzia magonjwa ya akili, na lilipotajwa lile neno gumu Mama Pasi alisogea. Daktari akasema kwamba katika nchi za baridi kali, waliochunguza mambo haya wamegundua kuwa waliozaliwa majira ya baridi, au baridi inapokwisha, wanaugua ugonjwa huo kwa wingi kidogo kuliko wengine. Kwa nini, hakuna mwenye uhakika. Wapo wanaodhani ni mafua makali yanayompata mama akiwa mjamzito, wapo wanaosema ni uhaba wa jua. Akaongeza kwamba tofauti yenyewe ni ndogo sana, kwamba mwezi wa kuzaliwa peke yake haumtii mtu ugonjwa, na kwamba kwingine duniani hata hiyo tofauti haionekani vizuri. Yote hayo aliyasema, maskini, tena taratibu. Lakini masikio ya Mama Pasi yalikuwa yameshasimama kwenye mafua.

Kwa sababu Spika alizaliwa miezi ya baridi. Dada yake alizaliwa wakati wa joto, mzima kama mnavyomwona. Na kwenye mimba ya Spika, Mama Pasi alikuwa na mafua yasiyosemeka. Alikohoa mpaka mbavu zikamuuma, na bado akaja kazini na tumbo lake, anatoka kwenye mvuke ameloa jasho anaingia kwenye upepo wa nje. Msimamizi alimwambia akapumzike, akakataa kwa ubishi wake tu. Siku hiyo ya redio shuka nzima ilikunjamana ndani ya mashine na kuungua, jambo ambalo halikuwahi kumtokea.

Bi Sabuni, mwenzake anayesukuma toroli la nguo chafu kutoka mawodini, alipoambiwa alicheka. Alisema yeye naye ni mzaliwa wa baridi, na ugonjwa wake pekee ni uvivu. Mama Pasi hakucheka. Alikuwa ameshajihukumu na kujifunga, na ufunguo kautupa. Tena kulikuwa na jingine lililomkaba: binti yake alikuwa nyumbani, amekuja kujifungulia kwa mama, na hesabu ya mimba yake iliangukia katikati ya baridi.

Akala kiapo kwamba mafua hayatamgusa yule binti. Madirisha yakazibwa matambara. Kila jua lilipochomoza binti aliburutwa uani akae, na akikaa aambiwe ageuke, kama nguo iliyoanikwa. Jirani mwenye kikohozi alifukuzwa mlangoni kabla hajabisha hodi. Binti alilalamika kwamba anatoka jasho ndani ya masweta matatu, mama akamwambia jasho haliui. Hakumwambia sababu. Angeanzaje kumwambia kwamba ndugu yako nilimharibu mimi tumboni, na sasa naogopa wa kwako?

Na mafua, kwa kuwa hayana adabu, yakaingia na Spika. Aliyaokota kule karakanani, akarudi anapiga chafya mlango mzima unatikisika. Mama Pasi aliingiwa na hofu. Alifunga kitambaa mdomoni, akatenga sahani ya Spika, akatenga kijiko chake, akamwambia asipite chumba cha dada yake. Spika aliyakubali yote, akafanya hata utani kwamba mama sasa ni daktari wa upasuaji.

Asubuhi iliyofuata ikaja chai. Mama akaanza kunywa, kama ada. Spika akameza dawa zake, akafika katikati, akapenga kamasi, akamrudishia mama kikombe. Mama Pasi akakishika. Akaona pale ukingoni alipoweka mdomo mwanawe, akafikiria mafua yanatoka pale yanaingia kwake, na jioni yeye ndiye anayemkanda binti mgongo. Akageuka, akaimwaga ile chai kwenye sinki.

"Mama, mbona umemwaga?"

"Una mafua, baba. Namkinga dada yako."

Spika alikaa akilitazama sinki. "Unamkinga na mimi," alisema. Hakuuliza, alisema tu, na akaenda kuvaa viatu vyake.

Jioni mama alipoleta chai, Spika alimwambia asijisumbue, atameza dawa mwenyewe kwa maji. Akazitia mdomoni mbele yake, akanywa maji, akafungua kinywa kuonyesha. Na Mama Pasi, jamani, alifurahi. Alidhani mtoto amekua. Alimwambia binti kwamba mambo yameanza kunyooka, na kwa siku zote za mafua yale hakuonja kikombe cha mwanawe hata mara moja. Vidonge vilikuja kuonekana baadaye ndani ya soksi chini ya godoro, vyote.

Dirisha likarudishiwa gazeti. Mama aliliona, akajiambia ni la kuzuia baridi. Asubuhi moja Spika aliaga kwamba anakwenda karakanani, na karakanani hakufika. Hakurudi jioni wala kesho yake. Mama Pasi alizunguka sokoni, vituoni, makanisani, misikitini, akishika picha ya kijana anayecheka, akiuliza watu ambao walitikisa vichwa bila kusimama. Baridi ilikuwa kali mwaka ule. Koti la Spika lilikuwa bado limetundikwa nyuma ya mlango, na kila akilipita alilishika mkono, kisha akawa hapiti tena upande ule.

Katikati ya msako huo binti akajifungua. Mtoto wa kike, mzima, sauti kama ya mjomba wake. Akalazwa kwenye shuka yenye mstari wa bluu aliyoinyoosha bibi yake. Mama Pasi alimpokea na kitambaa mdomoni, akamwangalia kwa macho tu, na binti alipomwambia ambusu alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanaingia ndani ya kitambaa. Binti alidhani ni ya kumlilia Spika, na yalikuwa ya hilo pia.

Siku chache baada ya hapo Bi Sabuni alipanda na toroli lake kuchukua nguo chafu za mstari wa kijani. Alirudi toroli likiwa tupu, akazima mashine mwenyewe. "Mwenzangu," akasema, "mwanao yuko juu."

Wasamaria walikuwa wamemwokota stendi, amevaa fulana tu, anatetemeka, anakataa kila kinywaji anachopewa. Mama Pasi alikimbia kuazima chupa ya chai kwa wapishi, akapanda. Spika alikuwa amekaa kitandani, midomo imepasuka kwa kiu. Mama akamimina. Akaanza kunywa mbele yake, akamnyooshea kikombe. Spika hakukishika. Akanywa tena, akafika katikati, akamnyooshea. Mwishowe akanywa yote mpaka tone la chini, akakipindua kikombe aone hakuna kilichobaki.

"Leo unakunywa," Spika alisema, akageukia ukutani.

Muuguzi wa wodi, dada mmoja mpole ambaye alikuwa akimheshimu Mama Pasi kwa shuka zake, alimtoa nje na kumkalisha kwenye benchi. Hapo Mama Pasi akamwaga kila kitu: redio, miezi ya baridi, mafua ya ile mimba, chai kwenye sinki. Muuguzi alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia kwamba hakuna daktari hapa duniani anayeweza kusema mafua yale yalimfanya nini Spika, kama yalimfanya kitu. Kwamba wodi ile ina watu waliozaliwa kila mwezi wa mwaka, na nje wanatembea wazaliwa wa baridi wasiohesabika, wazima kabisa.

"Kilichopita tumboni hakijulikani, mama," akasema. "Tunachokijua ni kilichokuwa kinamshikilia. Dawa zake, na imani yake kwako."

Hakusema hivyo kumlaumu. Alikuwa anamfariji, na Mama Pasi alimshukuru, akashuka ngazi. Miaka yote hiyo alikuwa na kitu kimoja cha hakika mkononi, na alikimwaga kwa ajili ya kitu ambacho hata wasomi wake wanasema labda.

Sasa Spika anachomwa sindano, na anaendelea kupata nafuu. Hula kwa mkono wa muuguzi. Mama akiingia, anaacha kula mpaka atoke, kwa hiyo mama haingii tena saa ya chakula. Husimama mlangoni, huuliza hali, huondoka. Mjukuu amenenepa. Bibi yake amevua kitambaa, humbusu mpaka mtoto achoke.

Jambo moja Bi Sabuni alilileta kutoka juu. Alisema shuka safi zikifika asubuhi, Spika ndiye wa kwanza kunyoosha mkono. Huchukua yake ikiwa bado na joto, huiweka shavuni, hufumba macho. Tangu alipoambiwa hivyo, Mama Pasi huacha shuka za kijani ziwe za mwisho kabisa, azinyooshe toroli likiwa linasubiri mlangoni, zifike juu zikiwa za moto.

Juzi Spika alimuuliza Bi Sabuni ni nani anayezinyoosha hizo shuka. Bi Sabuni alibabaika, akamjibu kwamba siku hizi kuna mashine mpya, hakuna mtu anayezigusa. Akashuka kumsimulia mwenzake huku akiomba radhi kwa kumkana.

Mama Pasi alikuwa akilinganisha pembe za shuka. Hakuinua macho.

"Umefanya vizuri," akasema. "Mwambie hivyo hivyo kila siku."