Mashine Tusiyoruhusiwa Kuifungua

Nakumbuka mchana mmoja wa msimu wa karafuu pale Kengeja, mwanangu, nilipokwenda kuwaeleza wanawake wa ushirika maana ya mkataba. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya sheria, nimevaa tai. Joto la Kengeja na tai ni maadui wa siku nyingi, lakini nilidhani sheria bila ya tai haisikiki. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya vyama vingi, ambapo kwetu hata kisima kilikuwa na chama chake. Ushirika ule ulikuwa mahali pa nadra ambapo watu wa pande zote walikaa jamvi moja.

Kampuni moja ya ng'ambo ilitaka kuwakodisha mashine ya kukaushia karafuu. Vuli ilikuwa inakaribia, na karafuu ikinyeshewa kabla ya kukauka huvunda, jasho la mwaka likapotea. Mkataba ulisema mashine isifunguliwe wala isiigwe. Ikiharibika, atakuja fundi wa kampuni. Nikawaeleza kwamba ina hataza, yaani haki anayopewa mvumbuzi ili kwa muda maalumu mwengine asitengeneze kitu chake bila ya ruhusa. Vifungu hivyo ni vya kawaida, nikasema, tieni saini.

Mwenyekiti wao alikuwa shangazi yangu, Bi Time. Akaniuliza, "Na ikizima wingu limeshatanda, huyo fundi atoka wapi?"

"Ng'ambo, shangazi."

Wanawake wakacheka mpaka tai ikanibana. Kwetu, mwanangu, wingu likitanda, mpita njia huanua karafuu zilizo uwanjani kabla hajauliza ni za nani.

"Sisi twaanua hata za tuliyekosana naye," akasema Bi Time. "Wewe watwambia tukae tuzitazame zetu zikiloa, tungoje ndege. Kasome tena, baba. Na hiyo tai uivue, huenda damu ikafika kichwani."

Nikaivua. Nikafuatilia kwenye ofisi za usajili, nikakuta hataza ile imesajiliwa kwao tu. Huku kwetu, Bara wala Visiwani, haikusajiliwa, na hataza haivuki mpaka yenyewe. Tena michoro yake ilikuwa wazi kwa kila mtu, maana mvumbuzi hupewa haki kwa sharti la kufichua alichovumbua. Sheria haikutukataza kuitengeneza. Kilichotaka kutukataza ni saini yetu wenyewe.

Tukamwambia wakala wa kampuni: ondoa kifungu kinachokataza kuifungua na kuiiga, na wafundishe wawili wetu kuifungua na kuitengeneza. Akajibu kwamba hajapata kuombwa jambo hilo, akaondoka na mashine yake. Vuli ikaingia. Tukakimbia na majamvi kama miaka yote, na karafuu nyingine zikavunda. Walionilaumu walikuwa na haki. Lakini hapana aliyemfuata wakala.

Tulipeleka michoro kwa Fundi Saleh, mchomeaji vyuma wa Madungu. Mashine ya kwanza ilitupa mkaa wenye harufu nzuri. Hapo nikajua kuwa mchoro hausemi kila kitu, na ruhusa ya sheria haikaushi karafuu. Tukafungua, tukapunguza moto, tukafunga, tukaunguza tena. Ya tatu ikakausha.

Msimu uliofuata wingu lilitanda, na mashine ikazima. Hadia, binti wa Bi Time, aliyeshinda kwa Fundi Saleh akijifunza, akachukua spana akaifungua. Kabla ya tone la kwanza ilikuwa ikiunguruma.

Bi Time akanigeukia. "Fundi wa ng'ambo keshafika?"

Mwanangu, nawe utaletewa mikataba: ya mashine, ya mbegu, ya dawa. Uliza kwanza haki hiyo imesajiliwa wapi na itakwisha lini. Iliyosajiliwa kwetu uiheshimu, uombe leseni, sikufundishi wizi. Lakini usitie saini ya kujizuia kujifunza. Anayekupa chombo akakunyima ujuzi wake amekuazima tu, na cha kuazima, wazee walishasema, hakisitiri matako. Dai ufundishwe. Ukikataliwa, unguza zako mpaka ujue.

Mola akujaalie mkono usioogopa kufungua na akili ya kufunga tena, na kila wingu likukute spana unayo. Amin.