Bati Halizuii Surua

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati moja upande wa Haneti, mganga mfawidhi, ndiye mkuu wa zahanati, alinipeleka moja kwa moja kwenye jokofu la chanjo. "Sista, hili likipata joto, utakuwa unawachoma watoto maji. Usilifungue ovyo." Nilimwona mkali bure.

Basi chanjo ikawa kazi yangu. Kila msimu wa kuandikisha watoto nilikwenda shuleni kukagua kadi za kliniki. Aliyekosa chanjo ya surua nilimchoma palepale. Nilimruka mmoja tu, Nyemo, binti aliyekuwa akitibiwa saratani ya damu. Chanjo ile ina kirusi hai kilichodhoofishwa, na daktari wake alishaonya kwamba mwili wake haukiwezi. Kinga yake ilikuwa wenzake. Mama yake alielewa upesi. "Kumbe hawa wote ni wanangu," alisema, akiwatazama wakicheza.

Kisha akaja tajiri mmoja, mwenye mashine ya kukamua alizeti, na wanawe watatu. Hakutaka wachomwe. Nilipouliza sababu, alisema, "Wanangu hawajaribiwi." Nikawakatalia kuingia. Akampigia simu bosi wangu, mratibu wa chanjo wa wilaya.

"Sista, waache hao," mratibu akaniambia. "Huyo ndiye aliyetuezekea madarasa."

"Bosi, bati halizuii surua. Na hapa kuna mtoto mgonjwa."

"Nimesema waache!"

Wakaingia. Surua ilianzia kwa mkubwa wao: macho mekundu, mafua, kisha vipele. Wadogo zake wakafuata. Wote watatu walipona. Nyemo tulimzika.

Msibani mratibu alisimama kutoa rambirambi, akasema ni mapenzi ya Mungu. "Mungu usimsingizie!" nilimkatiza mbele ya waombolezaji. "Ruhusa uliitoa wewe!"

Haikuchukua muda nikahamishiwa Mtera, kwa wavuvi. Nilichanja watoto huko mpaka nikastaafu. Yeye alipanda cheo.

Wauguzi vijana hunijia hapa mjini. "Shikamoo bibi. Hayo si yamepita?" Marahaba, wanangu, hayajapita. Juzi nilimtembelea mama Nyemo. Alinimiminia chai, akauliza, "Wale watatu hawajambo?" Aliuliza kwa upole kabisa. Upole huo mimi sina. Kazi nimestaafu, hasira bado iko zamu.